Taa Tulizouza Nyakarenzo

Nilipoanza kufundisha ujasiriamali katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kamembe, wanafunzi wa umeme waliliona somo langu kama muda wa kupumzika. Wao walikuwa watu wa nyaya na mashine; mimi, mama niliyekulia Bukavu na kurudi Rwanda nikiwa mtu mzima, nilikuwa mtu wa maneno. Basi nikawaambia watengeneze kitu wakakiuze kwa mtu asiyewajua.

Kundi moja lilitengeneza taa. Walifungua kompyuta mbovu, wakatoa betri zake bapa na kuzifunga ndani ya vikopo vya plastiki. Wakaenda kuziuza Nyakarenzo, kwenye nyumba ambazo umeme haujafika. Walirudi wakiimba. Kiongozi wao, msichana mwembamba ambaye mwanzoni hakuweza hata kumtazama mteja usoni, aliniambia, "Madamu, niliongea mpaka nikasahau woga."

Siku chache baadaye, mchana, aliingia darasani bila kubisha hodi.

"Madamu, njoo uone."

Taa moja waliyoibakiza katika karakana ilikuwa imevimba. Kikopo kilipasuka ubavuni na harufu kali, tamu kama ya rangi ya kucha, ilijaa chumba. Mwalimu wa umeme aliinyanyua kwa koleo, akaitoa nje na kuifukia mchangani. Kisha akatugeukia.

"Hii ingewaka moto. Mlizouza zina betri hizi hizi?"

Msichana aliitikia kwa kichwa.

Tuliwapigia wateja simu, tukawasihi wazitoe taa nje, mbali na nyumba. Wote walipokea ila mmoja, mama anayepeleka maparachichi kuuza ng'ambo ya daraja la Rusizi II, upande wa Kongo. Simu yake ilikuwa imezimwa.

"Nani yuko nyumbani kwake?" nikauliza.

"Mama mkwe wake. Ni mgonjwa, hatoki kitandani."

Tulichukua pikipiki mbili, mimi na msichana. Njia nzima nilitazama juu ya migomba, na kila moshi niliouona niliudhania ndio wenyewe. Ilikuwa mioto ya watu wanaochemsha maharage. Msichana alikuwa kwenye pikipiki ya mbele, na mgongo wake haukutulia hata mara moja.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Bibi mzee alilala kwenye godoro karibu na ukuta, na alipotusikia alitukaribisha kwa Kiswahili cha kwetu, cha Bukavu.

"Karibuni, batoto. Ni nyinyi mulileta taa? Aksanti sana. Inanipashaka joto."

Aliikumbatia kifuani, chini ya blanketi.

Msichana alinyoosha mkono, bibi akajivuta ukutani.

"Hapana! Muke wa mutoto yangu ndiye aliinunua. Mukiitosha, mukienda nayo, nitabaki mu giza."

Tungeweza kumnyang'anya. Lakini niliogopa mvutano, niliogopa isije ikaanguka, ikabonyea na kulipuka. Nikamshika msichana bega. Akapiga magoti kando ya godoro.

"Koko," akasema, kama tunavyowaita mabibi Bukavu, "ni miye niliitengeneza. Niliitengeneza mubaya. Inaweza kukuchoma."

Bibi akamtazama usoni. "Weye mwenyewe uliitengeneza?"

"Ndiyo, koko."

"Na unaiogopa?"

"Naiogopa sana."

Vidole vya bibi vikalegea. Msichana alivua sweta, akaipokea taa ndani yake, akatoka ameinyoosha mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka. Aliiweka kwenye tuta la viazi, akarudi kinyumenyume mpaka niliposimama. Tulingoja. Hakuna kilichotokea, nikaanza kufikiri kwamba tumemtisha mgonjwa bure.

Ndipo ikafoka. Moshi mweupe ulitoka kwanza, kisha moto ukaruka juu ya vijiti vya kutambalia maharage, na sweta ikaisha mbele ya macho yetu.

"Kuko nini inje?" bibi aliita kutoka ndani.

"Ni taa, koko," nilimwambia kutoka mlangoni. "Imewaka."

Mwenye nyumba alirudi na kikapu kitupu kichwani, akatukuta uani. Msichana alimweleza yote, hakuficha kitu. Mama yule aliingia ndani, akapapasa godoro kwa kiganja pale taa ilipokuwa, akatoka, akaketi chini. Nilitamani apige kelele.

Msichana hakuonekana darasani kwa muda. Aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa umeme. Walitengeneza taa upya, kwa betri mpya na kifaa kinachokata umeme joto likizidi, wakaziacha karakanani zikijazwa umeme na kuisha wiki baada ya wiki. Kisha akaniomba nimsindikize tena Nyakarenzo. Kwenye kila mlango alianza kwa kusema ni nini kinaweza kuharibika, na ishara gani ya kuangalia, ndipo akaitoa taa mfukoni. Wengine walikataa. Nilisimama nyuma yake, nikitamani wote wakatae.

Mama wa maparachichi aliigeuza mkononi kwa muda mrefu.

"Nitaitundika pa mulango," alisema. "Pa kitanda, hapana."

Msichana akamwomba nyundo na msumari, akaingia kumsaidia.