Gari Linalosimama Kabla ya Daraja

Admin, jina langu lifiche, maana Ifakara ni mji wa kujuana na mashine yangu ya kukoboa mpunga inajulikana. Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nne, nina mtoto mmoja wa kike yuko kidato cha pili, na nina mke ambaye mwaka wa tatu huu anaishi Morogoro mjini na hapokei simu yangu. Sijarithi hata jembe. Nilichonacho nimekianzia kwenye baiskeli.

Mke wangu sikumfukuza wala sikumpiga. Aliondoka msimu wa mavuno, siku ambazo mashine haizimwi, na neno aliloniachia linanikereketa mpaka leo. Alisema, "Nyumba hii ina mashine mbili. Moja inakoboa, nyingine inalala pembeni yangu." Niliona ni dharau. Nahangaika umeme umekatika, mkanda umekatika, wateja wamepanga foleni, yote kwa ajili yao, halafu naitwa mashine. Nikamwacha aende nikijua atarudi. Hakurudi. Nikimtumia ujumbe wa hela ya mtoto anajibu "sawa". Nilipofiwa na mjomba alijibu "pole". Basi.

Binti anaishi na mama yake, na alipokuwa darasa la saba nilinunua vimashine viwili vya gemu, vile vya kushika mkononi, vya mtumba, kimoja chake kimoja changu, ili tuwe tunakutana humo. Tukaweka gemu ya mbio za magari, ya kupakua bure. Bure ni mlangoni tu, ndugu zangu. Ndani gari zuri linauzwa, tairi zinauzwa, kila msimu una tiketi yake, usipolipa unabaki na kigari cha kuanzia. Na hakuna kuandikiana humo, unapiga honi au unatuma picha ya dole gumba. Mimi shilingi yangu huwa najua imelala wapi, lakini kila msimu nililipia tiketi na kumzawadia binti gari jipya. Kwa mwaka ilifika bei ya magunia matatu ya mpunga. Nilijiambia hiyo ni nauli ya kwenda kumwona mtoto. Jioni nikishafunga mashine, nikajikung'uta pumba, nikala wali wangu peke yangu, jina lake linawaka kwenye kioo, tunakimbia mbio tatu nne, honi, dole gumba, nalala. Siku jina lisipowaka, nyumba inakuwa kubwa.

Kitu kimoja kilinitatiza. Kuna njia humo ina daraja jembamba la mbao, magari mawili hayapiti kwa pamoja. Binti hata akiwa mbele, akifika pale anafunga breki, anasubiri nipite, ndipo anafuata. Nikadhani gari lake halina nguvu, nikamnunulia kubwa zaidi. Akasimama nalo vilevile.

Likizo hii ya Juni binti akaja kunisalimia. Jioni nikatoa kimashine changu, nikamuuliza chake kiko wapi. Akasema aliachana nacho tangu alipoingia sekondari, hayo ni mambo ya kitoto. Nikajua ananitania. Amekaa pembeni yangu kabisa, sahani ya wali mkononi, na jina lake likawaka kwenye kioo, likanialika mbio.

Nikamwonyesha. Akaacha kutafuna.

"Baba, hicho kimashine anacho mama. Akitoka kazini anajifungia nacho chumbani, ukigonga anasema subiri nimalize."

Kisha kicheko kikamshika. "Kwa hiyo magari yote yale ulikuwa unamhonga mama?"

Mimi sikucheka. Niliingia kwenye mbio, tukafika darajani, gari likafunga breki likanisubiri, na hapo ndipo nikalitambua. Tulipoanza maisha tulikuwa na baiskeli mbili, tunafuata mpunga Idete na kuuleta mjini. Yake ilikuwa na breki. Yangu nilikuwa naisimamisha kwa kukandamiza ndala kwenye tairi, na ukiwa na gunia nyuma ndala haisaidii kitu. Njiani kulikuwa na daraja la miti juu ya mfereji. Yeye mzigo wake ulikuwa mwepesi, daima yuko mbele, lakini akifika pale anasimama pembeni na kuniambia, "Pita wewe kwanza, usije ukanizoa."

Sasa kinachoniuma ni hiki. Mwezi uliopita kaka yake alinipigia, akaniambia dada yake ameomba wazee wa pande zote mbili wakae, tuachane rasmi. Kikao ni Jumamosi hii. Simu yangu hapokei, magari anapokea. Kwa wazee anataka tuachane, jioni ananisubiri darajani, na anajua kabisa ni mimi, jina langu limeandikwa pale. Naweza kukuhesabia gunia likiwa bado shambani, lakini hesabu hii imenishinda. Binti nimemwomba asiseme kitu, na amesharudi Morogoro.

Juzi jioni tulipokaribia daraja, nikafunga breki mimi. Nikasogea pembeni, nikapiga honi apite. Hakupita. Alikuja akasimama sambamba na mimi. Magari mengine yakatupita, yakamaliza, muda ukaisha, na gemu ikatutoa wote wawili, ikaandika kwamba hatukufika. Hakutuma dole gumba. Jana jina lake halikuwaka.

Dada yangu anasema niende kikaoni na orodha ya mali, nisije nikagawa mashine kizembe. Mimi mali sijaiwaza. Nikisema mbele ya wazee kwamba najua ni yeye ninayekimbia naye, nitakuwa nimemwaibisha. Nikinyamaza, Jumamosi jioni sina mke wala wa kukimbia naye. Mliowahi kuacha, hasa ninyi akina mama, nisaidieni kumwelewa: juzi pale darajani alisimama kwa nini? Nipande basi nimfuate kabla ya Jumamosi, au nimwache apite?