Mwenzake, Siyo Mkewe

Mume wangu alipofariki Guangzhou, nilibaki na ofisi yake ya kusafirisha mizigo kwenye jengo la Tianxiu, ghorofani, chumba cha meza mbili na dirisha linalotazama dirisha la jirani. Watu wa Dar walinipigia simu wakiniambia nirudi nyumbani. Sikukataa wala sikukubali. Kila asubuhi nilifungua ofisi, nikawapigia mawakala wa bandari ya Huangpu, nikafunga jioni. Sikulia. Nilikuwa nasubiri kulia, kama mtu anayesubiri mgeni aliyesema atapita.

Kabla ya kuolewa nilikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari. Wafanyabiashara wa Kongo walipolijua hilo, wakaniomba niwafundishe. Walisoma kwa Kifaransa, na wauza vitu wa hapa, kama wanajua lugha ya kigeni, basi ni Kiingereza kidogo. Nikakubali kwa sababu Jumapili ilikuwa ndefu. Wakawa wanakuja mchana, wakitoka kanisani, wamevaa suti na vitenge, wanabanana kwenye viti vyangu.

Shida yao kubwa ilikuwa maneno yanayofanana na ya kwao. Mmoja wao, mtu wa Bukavu, alikwenda Yide Lu kununua midoli pamoja na rafiki zake, akamwambia mwenye duka kwamba amekuja na "company" yake. Mwenye duka akaleta viti na chai, akaomba kadi ya kampuni, akaanza kuzungumzia kontena zima. Walitaka katoni chache tu. Darasa zima lilicheka. Mimi niligeukia ubao.

Jumapili ile nikaandika maneno hayo yote pamoja. "Colleague" ni mwenzako wa kazini. "Partner" ni mshirika wako wa biashara, ingawa siku hizi watu humwita hivyo hata wanayeishi naye, kwa hiyo angalia unaongea na nani. "Company" ni kampuni, au ule uwepo tu wa mtu karibu yako. Mtu mwenyewe haitwi hivyo. "Companion" ni yule aliye nawe safarini au maishani. Nikawaambia kwamba Kiswahili kinatupa raha, tunasema "mwenzangu" na mambo yanaisha.

Mwanamke mmoja wa Lubumbashi, aliyekuwa akinunua vitambaa na mabegi, akainua mkono.

"Mwalimu, mutu ule unaishi naye, lakini hamukufunga ndoa, ni gani hapo?"

"Wengi husema 'husband' tu. Mume."

"Hapana," akasema. "Iko na bibi yake kule Lubumbashi. Miye si bibi yake."

Kwetu Dar bibi ni mama wa mzazi wako, na ilinichukua muda kukumbuka kwamba kwao bibi ni mke. Nikamwonyesha neno "companion". Akalirudia polepole, akalinakili.

Mwanamume huyo nilimfahamu kwa kumwona kwenye lifti. Mrefu, mpole, mwenye kofia ya kijivu. Waliishi pamoja Xiaobei, na wakienda sokoni yeye ndiye aliyebeba mifuko yote.

Siku moja asubuhi, nikiwa ofisini, mwanamke huyo alinipigia simu. Mwenzake alikuwa ameanguka bafuni, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, na sasa wako hospitali na yeye hawamruhusu kuingia. Nikachukua teksi.

Nilimkuta kwenye korido, amevaa kandambili, kanga imefungwa juu ya gauni la kulalia. Mbele yake alisimama daktari kijana aliyejua Kiingereza cha vitabuni.

"She says she is his company," daktari akaniambia. "Which company?"

Alikuwa ameuliza kampuni gani, kwa upole, mara kadhaa, na mwanamke kwa hofu alikuwa amesahau neno la darasani. Daktari alitaka mtu wa familia.

Nikamvuta pembeni. "Dada, sema tu wewe ni mkewe. Nani atauliza?"

"Miye nitajua," akasema. "Na Mungu. Leo hapa nitadanganya juu ya mugonjwa?"

Korido ile ilinukia dawa ileile niliyoinusa wakati wa mume wangu. Siku zile hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nilikuwa na cheti cha ndoa, nikaingia, nikakaa, akafa. Nilisimama pale nikitegemea moyo ushtuke kwa harufu ile. Haukushtuka.

Nikamwambia daktari, "She is his companion. They live together."

Akatoa kamusi yake ya mkononi, ile ya betri, akabofya. Akasoma yaliyoandikwa, akamwonyesha muuguzi. Muuguzi akamtazama mwanamke akauliza, "Laopo?" Neno hilo kila mtu wa sokoni analijua, ni mke. Kuitikia kwa kichwa kungetosha.

"Companion," akajibu.

Daktari akatazama tena kamusi, kisha akatazama kandambili za mwanamke. Akasogea pembeni, akamfungulia mlango.

Mgonjwa alipona nusu. Mkono mmoja haukurudi, na maneno yake yakawa mafupi. Ndugu yake alikuja kutoka Lubumbashi kumchukua, mtu mwenye adabu, akamwita yule mwanamke "Madame" na kumshukuru kwa niaba ya familia, kama unavyomshukuru jirani. Uwanja wa ndege mwanamke aliishia pale wanapokaguliwa wasafiri. Aliniambia kwamba alimvalisha mwenzake ile kofia, ikakaa upande, na hakupata nafasi ya kuiweka sawa.

Jumapili alikuja darasani kama kawaida. Tulikuwa kwenye vitenzi. Nikamwomba atunge sentensi kwa "miss". Akasimama.

"He misses me."

"Unataka kusema yeye ndiye anayekukumbuka?"

"Hapana. Miye. Kwa Kifaransa tunasema yeye ananikosekania."

Nikamweleza kwamba kwa Kiingereza anayeumia ndiye anayetangulia, kwa hiyo ageuze. Akageuza kimyakimya, midomo ikicheza, lakini sauti haikutoka. Akaketi. Yule mtu wa Bukavu akaniomba basi mimi niwape mfano.

"I miss him," nikasema. Nilikuwa nasema juu ya mume wangu, kwa mara ya kwanza, na sauti yangu ilikuwa ileile ya kusoma majina ya meli. Nikaiandika sentensi hiyo ubaoni, nao wakainama wakainakili.