Pak Wagiman na Breki za Kombi Yetu

Kwa karibu mwaka mzima hapa Salatiga, kisiwani Java, ilisemwa kwamba fundi wetu wa magari, Mzee Wagiman, au Pak Wagiman kama tunavyomwita, nusura aiue familia yetu. Mimi nilikuwa miongoni mwa walionyamaza, kwa hiyo ni haki niandike mambo yalivyokuwa.

Ilianza mwezi wa Shaabani, siku ya kusafisha makaburi. Marehemu mume wangu aliitwa Pak Hadisuwarno, kwa kifupi Pak Hadi; wazee wake wamezikwa juu Kopeng, ubavuni mwa mlima Merbabu, na kila mwaka tunapanda wote na mafagio, maua na wali wa kufungwa kwenye majani. Kombi yetu ya mwaka 1969 ndiyo hutangulia. Naye mume wangu tulikuwa tumemzika huko miezi michache tu nyuma, kwa hiyo usukani alishika mpwa wetu Bagas. Wakati wa kushuka, kwenye kona ya soko la mboga, Bagas alikanyaga breki na gari likaendelea kwenda. Lilipita pikapu ya kabichi kwa upana wa kiganja, likasimama ndani ya shamba la karoti. Hakuna aliyeumia. Lakini shemeji yangu Darmaji alishuka, akasema mbele ya soko zima, "Huyu fundi wenu Wagiman! Mwakani tuje na majembe kabisa, atuzike hukuhuku!"

Neno hilo lilishuka mlimani haraka kuliko Kombi. Wenye magari ya mboga wakaanza kuipita gereji ya Wagiman kana kwamba hawaioni.

Gereji hiyo iko nyuma ya nyumba ya watengenezaji wa tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, na hunuka soya iliyochemshwa na grisi kwa pamoja. Wagiman hakupita darasa la nne. Ufundi aliuokota kwenye karakana ya kiwanda cha sukari, ambako alifagia vipande vya chuma miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Kila boliti anayoifungua huilaza kwenye jani la mgomba, kwa mpangilio uleule ilivyotoka, na mjukuu wake hathubutu kulivuka jani hilo. Sikioni ana sigara ya karafuu ambayo haiwashi. Daktari alimkataza kuvuta, hakumkataza kutembea nayo.

Darmaji alitaka Kombi iuzwe. Nilikataa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia, na mji wote uliheshimu jinsi alivyoendesha taratibu, bila papara. Nililipeleka gari kwa Wagiman mwenyewe.

"Zirudishe breki kama Pak Hadi alivyoziacha. Usibadilishe kitu."

"Nggih, Bu," alisema, akiinamisha kichwa.

Bu ni mama; nggih ni ndiyo yetu Wajawa. Mara nyingi maana yake ni kwamba nimekusikia, basi. Mimi niliyefundisha lugha miaka thelathini nilipaswa kuisikiliza vizuri.

Wiki iliyofuata akaniuliza, huku akitazama ndara zake, "Bu, vipi tukiweka breki za diski mbele, badala ya hizi za dramu? Kuna Kombi ya sabini na mbili imelala Semarang, vifaa vyake bado vizima."

"Dramu zilimtosha mume wangu."

"Nggih, Bu."

Nikarudi baada ya wiki mbili. Kombi ilikuwa juu ya magogo, bila magurudumu. Springi haijafika, akasema. Mara ya tatu, miezi mingi baadaye, silinda ndiyo haijafika. Shaabani ilikuwa inakaribia tena.

Mara ya nne alikuwepo mkewe, Painem. Huyu ni mtu wa Tegal, na watu wa Tegal hawazungushi maneno.

"Bu, utasubiri mpaka meno yakutoke. Hakuna springi wala nini. Huyu mzee anaogopa kukuonyesha kitu."

"Painem!"

"Painem nini? Wateja wamekwisha. Mchana tule heshima yako na sambali ya pilipili?"

Wagiman akainuka, akaniletea kigoda, akakifuta mara mbili. Kisha akaniita kwenye gurudumu la mbele.

"Dramu hizi ni nzuri, Bu. Kila moja ina silinda mbili. Gari likienda mbele, mzunguko wenyewe unazivuta brekishuu, vile vibao vya kubania vilivyo ndani, zijibane zaidi. Lakini hizi za kushoto zimefungwa kulia, na za kulia zimefungwa kushoto."

"Maana yake nini?"

Akajikuna shingo. "Maana yake Kombi ina breki kali sana, Bu. Ikirudi nyuma."

Sikumuuliza nani alizifunga. Kila likizo ya shule mume wangu alitandika mkeka uani, akavua saa, akasema injini ni ya fundi lakini breki ni za baba wa nyumba. Hakuna mwingine aliyezigusa. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akianza kukanyaga breki mbele ya msikiti ili gari lisimame posta. Nikakumbuka akirudisha gari nyuma uani, na mkoba wangu ukirushwa mpaka sakafuni. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu machozi yakanitoka, na Painem akaniletea chai.

"Kwa nini hukusema Darmaji alipokutukana?"

"Marehemu hawezi kujijibia, Bu. Mimi nipo hai, nitavumilia."

"Na hizo diski?"

"Dramu zikitoka, zinatoka na mambo yake. Hakuna atakayezifungua tena kuangalia." Akaishika ile sigara, akairudisha sikioni. "Lakini kweli pia, Bu. Watu kumi na mmoja kwenye mteremko ule, diski ni bora."

"Ziweke," nikasema.

Akaenda Semarang na basi, akarudi na vyuma ndani ya magunia ya mchele. Alitoa vifundo vyote vya mbele vinavyobeba magurudumu, akafunga vya ile Kombi nyingine pamoja na diski zake. Matundu ya boliti za magurudumu hayakulingana, ikabidi abadilishe dramu za nyuma pia, ili gurudumu moja la akiba litoshe kote. Alibadilisha hata silinda kuu, kwa sababu ile ya zamani hubakiza presha kidogo kwenye mabomba, nazo diski zingeng'ang'ania. Kazi hiyo ilimchukua siku tisa, na kila siku alikuwa akiimba kwa pua.

Siku ya makaburi nilimwomba aendeshe yeye. Tulipofika juu, Darmaji alimwona akishusha mafagio.

"Kumbe fundi amejifunza kazi? Au tuandike wosia kwanza?"

Vijana wakacheka. Wagiman akainama. "Nisamehe, Pak," akasema, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi la mume wangu, ufagio mkononi. Jina la nyumba hii nimelilinda tangu nilipoolewa. Lakini nilimtazama mtu yule ameinama mbele ya vijana wanaocheka, na nikaona jina letu limekaa mgongoni kwake.

"Darmaji," nikasema, "zile breki alizifunga kaka yako. Kwa mikono yake, kinyume, kushoto kulia. Wagiman hakuzigusa hata mara moja, na mwaka mzima ameyabeba matusi yako ili kaka yako asiguswe."

Kisha shangazi Sumirah, mwenye miaka themanini na mbili, akasema kwa sauti kubwa, "Ahaa! Ndiyo maana akirudi nyuma nilikuwa naumia shingo!"

Wote wakaangua kicheko, na Darmaji akacheka mwishoni, kwa shida. Chakula kilipofunguliwa, alichukua paja la kuku, akampelekea Wagiman kwa mikono miwili. "Nilikukosea, Pak," akasema. Soko zima lilijua kabla hatujafika chini.

Magari ya mboga yamerudi gerejini. Wagiman, hata hivyo, alininunia wiki mbili. Alipozungumza tena alikuwa chini ya Kombi, anakaza kitu.

"Pak Hadi asingefurahi, Bu."

"Angecheka."

"Angecheka," akakubali. "Halafu angetaka kuzifungua tena mwenyewe."