Shibe Niliyoificha Mbele ya Mkwe

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikilegeza mkanda wa suruali. Mimi unanijua, ni mtu wa kukaa kwangu. Hata harusi ya jirani naridhika kuisikilizia dirishani. Lakini siku hiyo nilishuka mjini Arusha, kwenye mgahawa wa Kiitaliano ndani ya hoteli kubwa, kwa sababu baba yake Aikande, mchumba wangu, alitaka kumwona kijana anayemposa binti yake.

Kabla sijatoka, mama alinizuia mlangoni.

"Kwa wakwe huendi na njaa. Watasema huku Meru hatuna chakula."

Akanijazia bakuli la loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando. Nikamaliza. Akanijazia jingine.

Mzee alikuwa Mchaga wa Machame, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Lemara. Nilimkuta ameketi na Aikande, nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtoto wa shule.

"Marahaba. Kaa, kijana. Leo tunakula kama Waitaliano wenyewe," alisema, akamwachia dada mhudumu atuchagulie.

Ikaja mvinyo. Dada alimmiminia mzee kidogo aonje kwanza. Mzee akafurahi sana. "Umeona? Hawa nao wana adabu. Mwenyeji anaonja kwanza, kama pombe ya mbege kwetu."

Nilicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Ukaja mkate, ikaja supu, zikaja tambi zenye maziwa mazito. Nilimaliza vyote huku jasho likinitoka, na kiyoyozi kinavuma juu ya kichwa changu. Sahani zilipoondolewa nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilishukuru mapema mno. Dada alirudi na pande la nyama lililofunika sahani nzima.

"Sasa ndiyo chakula chenyewe," alisema, tena anatabasamu.

Unajua kwetu na kwao ni yale yale: mgeni akiacha chakula cha mwenyeji, ni kama anasema ametiliwa kitu kibaya. Na loshoro ilikuwa imefika shingoni. Aikande akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Kula bwana, baba anakuangalia."

"Si nakula?"

"Unakata tu. Huli."

Mzee akaweka uma chini. "Kijana, chakula changu kina nini?"

Nilitafuta uongo. Jino? Tumbo? Dawa za daktari? Ulimi ukakataa yote.

"Hakina kitu, baba. Mama alinilisha loshoro nyumbani nisionekane mwenye njaa. Nilikuja nimeshiba."

Hakucheka. Alinitazama mpaka nikatamani ukuta ufunguke.

"Kama umeweza kukaa mezani kwangu muda wote huu unanificha shibe," alisema taratibu, "siku mwanangu akilala njaa kwako, mimi nitajulia wapi?"

Aikande aliinamisha kichwa. Nikaona mke anaondoka hivi hivi.

"Nitakuja kukuambia mwenyewe, baba. Na nisipokuja, muulize mama yangu. Yule hawezi kuficha kitu."

Mzee akamwita dada. "Mfungie huyu nyama yake." Akanigeukia. "Mpelekee mama. Mwambie mkwe wake wa Machame anamsalimia."

Mkwe. Neno hilo moja ndilo lililonirudishia pumzi.

Basi mwanangu, siku utakayokaa mbele ya watu wanaokupima, hofu itakwambia umeze na unyamaze. Usiisikilize. Sema mapema, kabla sahani haijakufikia. Wazazi wa binti hawamwogopi kijana aliyeshiba, wala aliyeishiwa. Wanaogopa wasichoambiwa, maana mtoto wao ndiye atakayeishi nacho. Na ukishaoa, mambo yakikuelemea, nenda ukawaambie wakati bado wanaweza kukushika mkono. Mimi nimekwenda zaidi ya mara moja, na sijawahi kufukuzwa.

Mungu akupe nafasi tumboni siku ya kualikwa, na siku ya dhiki akupe mlango wa kubisha na ulimi wa kusema.