Nilijaza Nafasi Alizoziacha Halima

Nimekosa, jamani! Simsingizii shetani. Ni mikono yangu hii hii na wivu wangu.

Nilikuwa karani wa rejista ya wagonjwa wa saratani, hospitali moja pande hizi za Garsen. Mimi ni mtu wa shule ya usiku. Nilisoma mpaka mbu wa Tana nzima wakajua kugawanya! Nilipopata cheti nikadhani hakuna wa kunifikia.

Kumbe yupo Halima, karani mwenzangu. Kila kikao, Halima! "Kitabu cha Halima unakiamini," mkubwa wetu husema. Wivu ukanivimba hadi vifungo vya shati vikaomba talaka! Tena kitabu chake kilikuwa na nafasi tupu tele. Changu hakina hata moja, na msiniulize nilizijazaje.

Alipokwenda likizo, akaniachia kitabu. Nikasema, leo mtajua mimi ni nani! Alasiri moja tu nikajaza kila nafasi. Kwa Mama Jillo, mwenye uvimbe wa titi, mahali anapoishi palikuwa patupu. Nilijua kwao ni Kilelengwani. Nikaandika Kilelengwani, nikapiga mluzi.

Na mafuriko je? Hapa kwetu nani hajui kwamba mto ukijaa watu huhama? Majibu ya vipimo vya Mama Jillo yalipotoka, kwamba aanze matibabu upesi, mhudumu wa hospitali alikwenda Kilelengwani akakuta matope na nyumba tupu. Akaandika: hakupatikana. Basi, faili likawekwa kando.

Halima aliporudi hakufoka. Afadhali angenizaba kofi!

"Kaka, ile nafasi tupu ndiyo iliyokuwa ikinikumbusha nimtafute."

Akamtafuta kijiji kwa kijiji, akampata Golbanti kwa dada yake. Miezi ilishapita. Nilifuatana naye. Yule mama akanivutia kiti, mimi!

"Mwanangu, mbona mlikawia? Mlisema mtaniita. Nikafunga nguo kikapuni, nikawangoja."



Sasa anapewa dawa za kutuliza maumivu tu. Nilimweleza mkubwa ukweli wote, nikatolewa kwenye rejista. Halima anakagua upya majina yote ya kitabuni mwangu, moja moja.

Wewe unayejaza fomu za wagonjwa, kama hujui, acha wazi, kisha inuka ukaulize. Usibahatishe eti uonekane zaidi ya mwenzako!

Kile kikapu nilikiona mlangoni. Bado kilikuwa kimefungwa.