Sitafuti Mtu, Natafuta Saa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, blauzi nyeupe imepigwa pasi na mama, kitambaa cheupe kichwani, na kucha zina hina, kwa sababu binamu yangu alikuwa ameolewa Jumapili iliyotangulia. Kituo chenyewe cha afya kilikuwa mjini Gisenyi, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Kongo. Jina lake sitalitaja. Mkuu wa kituo tulimwita Titulaire, kama wakuu wa vituo vya afya wanavyoitwa kwetu mpaka leo. Alikuwa mtu mrefu aliyerudi kutoka Kongo, mlokole, na Kiswahili chake kilikuwa cha Goma. Nilikuwa nimejiandaa kutetea kitambaa changu.

"Hii kitambaa iko safi?" akauliza.

"Ndiyo, Titulaire."

"Bon. Kichwa ni yako, mikono ni ya wagonjwa. Leta mikono."

Akazitazama kucha zangu, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hii rangi inatoka?"

"Baada ya wiki mbili, labda."

"Donc wiki mbili nitaangalia izi kucha kila asubui, juu siwezi kujua chini yake kuko nini. Pole kwako, pole kwangu."

Na aliziangalia kweli, siku kumi na nne mfululizo, hata siku ambayo wagonjwa walijaa mpaka barazani. Sikumpenda. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama kwamba nimepata bosi anayekagua vidole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ilinichukua muda kuona kwamba alikuwa akitukagua wote namna ile ile, na kwamba yeye mwenyewe kila asubuhi aliweka mikono yake mezani kabla ya kuomba ya mtu mwingine.

Nawaandikia ninyi mnaoanza uuguzi, na hasa wale ambao kesho mtapewa funguo za ofisi na kuambiwa muongoze wenzenu. Mimi nimestaafu kwa amani, Alhamdulillahi. Lakini nilikaribia kuipoteza kazi hii katika mwaka wangu wa kwanza, na zaidi ya kazi.

Lazima nieleze kwanza jinsi tulivyofanya kazi. Kila mgonjwa aliyelazwa alikuwa na fishi, karatasi moja ngumu iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Humo tuliandika joto la mwili, dawa, kiasi chake na saa ya kuitoa. Zamu ilipobadilika, anayetoka alipita kitanda hadi kitanda na anayeingia, akimweleza hali ya kila mgonjwa. Makabidhiano hayo ndiyo moyo wa uuguzi. Mgonjwa huwa salama mikononi mwako, na huwa salama mikononi mwa mwenzako. Hatari iko pale katikati.

Sisi wauguzi tulikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa amekulia kwake. Mimi ni mtoto wa mji huu, wa familia ya Waislamu waliouza vitambaa tangu enzi za babu. Kiswahili changu nilikinoa chuoni, kwenye mkeka wa mwalimu wangu wa Kurani. Mwenzangu Furaha alikuwa amerudi na wazazi wake kutoka Kongo, na masomo yake yote aliyapata kwa Kifaransa.

Asubuhi moja mtoto wa miaka minne alikuwa kitanda cha tatu, wa mama mmoja aliyeuza nyanya katika soko la Mahoko. Aliletwa usiku. Muuguzi wa usiku alimshusha homa akingoja kipimo cha damu, na asubuhi kipimo kikaonyesha malaria kali. Miaka hiyo tulitumia kwinini, sindano ya pajani, kila baada ya masaa manane. Ni dawa iliyookoa wengi, lakini haitaki mchezo. Ikizidi mwilini hushusha sukari ya damu, na mtoto mdogo anaweza kulala asiamke.

Nilimpiga sindano ya kwanza saa mbili asubuhi. Nikiwa bado naifunga chupa, nikaitwa kwa sauti nje: mama mjamzito alikuwa anatokwa damu na gari la kumpeleka hospitali lilikuwa likiunguruma. Niliandika kwenye fishi haraka, nikamwambia Furaha kwa mbali, "Kitanda cha tatu amepata kwinini, angalia fishi," nikapanda gari.

Shuleni nilijua vizuri kwamba saa mbili ya asubuhi huandikwa 8h. Lakini kichwa changu asubuhi ile kilikuwa kinafikiri kwa lugha ya nyumbani, na mkono ukaandika kile mdomo ungesema. Niliandika 2h.

Mama mjamzito alifika hospitali akiwa hai. Nilirudi kituoni saa sita nikiwa na furaha yangu, nikakuta watu wamesimama kuzunguka kitanda cha tatu. Mtoto alikuwa amelegea, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji, macho yamefunguka nusu. Mama yake alikuwa ameshika mguu wa kitanda. Titulaire alikuwa ameinama, kidole kwenye mshipa wa mtoto.

"Mutoto anapumua namna gani?" alimuuliza Furaha. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nimelikumbuka maisha yangu yote, kwa sababu baadaye nilifanya kazi chini ya wakuu ambao swali lao la kwanza lilikuwa "Nani alifanya hivi?"

"Polepole, Titulaire."

"Kwinini ya mwisho ulimupiga saa ngapi?"

"Dix heures, saa ine. Fishi inasema ya kwanza ilikuwa deux heures, saa munane ya usiku. Mi nilihesabu masaa munane, ikaanguka pale pale kwa saa ine."

Furaha alisoma 2h kama Mfaransa anavyoisoma, saa nane ya usiku, na mtoto kweli alikuwa kitandani saa hiyo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushuku. Mtoto alikuwa amepigwa sindano mbili katika masaa mawili.

Titulaire alinyoosha mgongo. "Niskilize muzuri, mwote. Kama hii ni malaria imepanda kichwani, tunamutuma hospitali na kwinini inaendelea. Kama ni kwinini imezidi, tunamupa sukari sasa ivi na kwinini tunaisimamisha. Mi sitafute mutu. Natafuta saa. Ile sindano ya kwanza ilipigwa saa ngapi ya kweli?"

Furaha alinikabidhi fishi huku analia. Nikaishika. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Vijana, itazameni tarakimu ya mbili, kisha itazameni ya nane. Mstari mmoja mdogo uliopinda, wa kufunga juu na chini, na 2h inakuwa 8h. Saa ingekuwa ya kweli, mtoto angepata sukari yake, na kosa lote lingekuwa la Furaha, msichana asiyejua kusoma nane. Hakuna aliyekuwa akinitazama. Niliuona ule mstari kana kwamba umeshaandikwa.

Nikamkumbuka mwalimu wangu wa chuo. Ukikosea aya hakukuchapa wala hakukuambia umekosea. Alinyamaza tu, na wewe ulijua, ukarudi mwenyewe mpaka pale ulipokosea. Titulaire alikuwa amenyamaza namna hiyo hiyo.

"Saa mbili ya asubuhi," nikasema. "Niliipiga mimi. Niliandika vibaya mimi. Furaha hana kosa."

Hakunitazama hata. "Sukari," akasema, na mikono yake ikaanza kazi. Alipata mshipa kwa sindano moja, akasukuma maji ya sukari polepole, akaning'iniza chupa. Tulisimama. Nilisoma kila nilichojua kusoma, kimoyomoyo, na nadhani yeye aliomba kwa namna yake, maana midomo ilikuwa inacheza. Baada ya muda ambao sikuupima, mtoto alikunja uso, akaanza kulia kwa hasira. Sijawahi kusikia sauti tamu kuliko ile.

Ndipo Titulaire aliponiambia, "Aziza, mama yake alisikia nusu tu, sasa tunaenda kumwambia yote."

"Mimi na wewe?"

"We utasema, mi nitasimama."

Nilimweleza yule mama kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Atapona?" Titulaire akamjibu kwamba dalili ni nzuri na kwamba hatutamwacha peke yake mpaka kesho. Mama akavuta pumzi ndefu, kisha akanigeukia.

"Mimi sikusoma. Nikimwambia mteja aje saa mbili kuchukua nyanya, haji saa nane ya usiku akanigongea! Ninyi wenye shule, mnashindwaje na saa?"

Titulaire alicheka mpaka akajishika ukuta, na mimi nikacheka nikilia. Lakini alilibeba swali la yule mama kama swali la maana. Kesho yake kabla ya zamu alitukusanya mbele ya saa ya ukutani. Kuanzia siku hiyo, kwenye makabidhiano, ilikuwa lazima useme saa kwa mdomo, uonyeshe kwa kidole mshale mfupi ulikuwa wapi, kisha uandike ile namba uliyoigusa. Anayepokea naye aguse. Tulijiona kama watoto wa shule. Muuguzi wetu mmoja alisema, "Titulaire, nimefunga ndoa nina watoto watatu, bado unanifundisha saa?" Akajibiwa, "Nakufundisha, na ule wa ine akizaliwa nitamufundisha pia."

Wiki hiyo alikuja msimamizi kutoka wilayani kuandika ripoti, akataka jina la aliyekosa. Nilikuwa mlangoni, nimeshaamua moyoni kwamba nitarudi kuuza vitambaa.

"Andika yangu," Titulaire akamwambia.

"Wewe hukuwepo kitandani."

"Niliweka watu wa luga mbalimbali chini ya saa moja, sikuwauliza wanaisomaka namna gani. Andika yangu. Na uandike ile tumebadilisha."

Msimamizi aliandika. Titulaire alipata barua ya onyo, akaikunja akaiweka kwenye droo, hakuitaja tena. Mimi alinipeleka kitanda cha tatu kila siku mpaka mtoto alipotoka, kwa sababu, alisema, mkono uliokosea hapo ni lazima utulie hapo hapo.

Miaka ilipita, nikahamishwa mara kadhaa, na mwishowe mimi mwenyewe nikawa titulaire wa kituo kidogo milimani, upande wa Nyakiriba, ambako watu ni wakulima na wagonjwa huja na udongo wa viazi miguuni. Nilidhani nimeshajua uongozi. Mwezi wangu wa pili hapo, muuguzi mmoja aliacha sanduku la baridi wazi na chanjo zikaharibika. Nilimfokea mbele ya akina mama waliobeba watoto mgongoni. Nilikuwa na haki, chanjo zilikuwa zimeharibika, na nilimfokea vizuri sana.

Tulikuwa na daftari la makosa, lisilo na majina, nililolianzisha nikimkumbuka Titulaire aliyetafuta saa badala ya mtu. Baada ya siku hiyo, likawa jeupe. Wiki ya kwanza, hakuna kosa. Mwezi mzima, hakuna kosa. Niliswali adhuhuri nikamshukuru Mungu kwa wafanyakazi wasiokosea. Nikiwa bado nimekaa kwenye mkeka wa swala ndipo nilipoelewa kwamba makosa yapo, ila sasa kila mtu ana kalamu yake mfukoni, na mimi ndiye niliyewapa.

Asubuhi iliyofuata niliandika kwa mkono wangu na kuwasomea: "Mkuu wa kituo alimfokea muuguzi mbele ya wagonjwa. Tangu siku hiyo watu wanamficha." Nilimwomba msamaha yule muuguzi mbele ya wenzake wote, kwa jina. Siku ya tatu mmoja alibisha mlango wangu, akasema alimpa mzee wa presha vidonge vya kitanda cha pili. Nilimuuliza, "Mzee yuko namna gani?" na nikasikia sauti ya mtu mwingine ndani ya yangu.

Watu huniuliza kiongozi mzuri wa wauguzi ni nani. Wanategemea niseme mwenye elimu, mkali, mpole, mwenye kuamka mapema. Hayo yote nimeyaona, kwa wazuri na kwa wabaya. Mimi ningemtazama kitu kimoja: habari mbaya inachukua muda gani kumfikia, na inafika kwa miguu ya nani.

Mwaka huu nililazwa mimi, siku chache, kwa ajili ya upasuaji mdogo wa nyongo. Ni jambo geni kulala mahali uliposimama maisha yako yote. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia hata binti yangu, maana najua ni mambo mangapi yanaweza kukosewa kati ya zamu na zamu.

Asubuhi ya pili aliingia muuguzi kijana, hatufahamiani kabisa, akasimama karibu na mto wangu.

"Mama, samahani. Dawa yako ya maumivu ilikuwa ya saa mbili. Nimechelewa, nakupatia sasa. Ni mimi nilisahau, juu kulikuwa mugonjwa wa haraka. Nimeshaiandika." Akageuka kwenye saa ya ukutani, akanyoosha mkono, akagusa kioo kwa kidole pale mshale mfupi ulipokuwa. "Sasa ni saa tatu. Ingine ni saa tisa."

Nilikitazama kile kidole.

"Binti yangu, nani alikufundisha kugusa saa?"

Akatazama kidole chake kana kwamba anakiona mara ya kwanza. "Nani tena, mama? Hapa ni vile tunafanyaka tu."

Nikameza dawa yangu. Nikamwambia asante, nikageukia ukuta, nikalala usingizi mzito mpaka saa tisa aliponiamsha.