Mtama wa Kwandu na Mrija wa Celestini

Sisi watu wa Ngara tuna majivuno yetu, na makubwa kuliko yote ni mrija. Tulipohamishiwa Nyakahura wakati wa Operesheni Vijiji, wengine walibeba milango ya nyumba zao, sisi tukabeba mirija. Pombe isiyovutwa kwa mrija tuliiita uji wa mgonjwa. Upuuzi mtupu, na huniudhi mpaka leo, maana aliyeumia kwa upuuzi huo ni jirani yangu Kwandu.

Kwandu alikuwa mjane wa Kisukuma kutoka upande wa Shinyanga. Alipika pombe ya mtama, nzito, ya rangi ya udongo, akaichuja mwenyewe na kuwanywesha watu kwa kibuyu. Mwanawe wa pekee, Shibuda, alikwenda vitani Uganda pamoja na mgambo, na tangu aondoke, mama huyo alikuwa akicheka nusunusu tu.

Vita vilipokwisha, habari ikaja kwamba vijana wetu wanarudi. Mwenyekiti wa kijiji akasema watapokelewa kwa pombe ya aina moja, maana kijiji cha ujamaa hakiwezi kunywesha watu kikabila. Maneno mazuri, lakini pombe ipi? Hapo ndugu wa ujamaa wakaanza kutazamana kwa macho ya pembeni. Mwishowe ikakubaliwa aitwe mzee Celestini aonje.

Celestini, Mhangaza mwenzangu wa Ngara, ulimi wake ulikuwa mahakama. Akionja rubisi alijua kama ndizi ziliivishwa shimoni au juu ya moshi wa jiko. Maksi za shule hakuzijua. Kila pombe aliipa daraja kwa kazi iliyoistahili: hii ya harusi, hii ya kulimia, hii ya kumfukuzia mgeni asiyejua kuaga.

Siku hiyo aliivuta rubisi ya Auleria, mpishi wa kwetu Ngara, akafumba macho. Akasema ina utamu mbele na ukali nyuma, ni ya harusi. Wanzuki ya asali akaisifu kwa harufu, ila akaona inapanda kichwani kabla salamu hazijaisha, hivyo ni ya wazee wasio na safari. Kisha akatumbukiza mrija katika mtungi wa Kwandu. Mrija ule una kichujio kidogo cha kusuka kwenye ncha. Uzito wote wa mtama ukabaki nje, mzee akapata maji machachu. Akatema kando na kutamka kwamba hiyo ni ya kunawia mikono.

Watu wakacheka. Husemwa chema chajiuza. Kitajiuzaje, mnunuzi akiwa amekiziba mdomo? Akilini mwake Kwandu alimwona mwanawe akishuka kwenye lori na kupokelewa kwa pombe ya watu, kama mgeni. Akapita mbele ya wanaume wote, akapiga goti.

"Shikamoo, baba," alisema. "Hii haivutwi. Hii inanywewa."

Akautoa mrija, akakoroga mtungi kwa kata mpaka chini, akajaza kibuyu. Akaonja kwanza yeye, kama ilivyo desturi ya mwenye pombe, kisha akampa mzee kwa mikono miwili.

Celestini akanywa. Akanywa tena. Nilidhani majivuno yatamshinda, maana kugeuza hukumu mbele ya kijiji kizima si mchezo. Akafuta mdomo, akasema kwamba mara ya kwanza alionja mrija, si pombe, na kwamba mtu aliyetoka vitani ashibishwe kabla ya kuleweshwa. Mtama wa Kwandu ndio wa mapokezi. Nilipiga vigelegele mpaka Auleria akaninunia, ingawa siku ya kupika alikuja mwenyewe kusaidia kukoroga.

Lori lilipofika, Kwandu alikuwa nyuma kwenye masufuria ya nyama, macho mekundu kwa moshi. Wazee walitaka vijana wanyweshwe kwanza ndipo wakumbatiwe. Shibuda alishuka amekonda, hamtazami mtu. Celestini mwenyewe akampa kibuyu, bila kumwambia pombe ni ya nani. Kijana akanywa funda moja, akasita, uso ukamlegea.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

Kwandu alikuja mbio, mwiko bado mkononi, na kijiji kizima kikampisha.